Tumeonewa na Nani? Kisa cha Insha Moja juu ya Lugha ya Azimio la Arusha

Swali lilikuwa la mstari mmoja: "Chambua matumizi ya lugha katika dondoo lifuatalo." Dondoo lenyewe limetoka katika Azimio la Arusha, tamko la mwaka 1967 la TANU, chama kilichokuwa kikitawala Tanzania Bara; ni sehemu ya tatu, ile inayohusu siasa ya kujitegemea:

"Tumeonewa kiasi cha kutosha, tumenyonywa kiasi cha kutosha, na tumepuuzwa kiasi cha kutosha. Unyonge wetu ndio uliotufanya tuonewe, tunyonywe na kupuuzwa. Sasa tunataka mapinduzi. Mapinduzi ya kuondoa unyonge, ili tusionewe tena, tusinyonywe tena, na tusipuuzwe tena."

Aliyelijibu ni mwanachuo wa mwaka wa kwanza anayesomea ualimu wa Kiswahili. Kidato cha sita alifaulu vizuri, Kiswahili chake kimenyooka, mwandiko wake hauchoshi macho. Insha yake ikapata alama za katikati, akaja kuuliza sababu. Alikuwa na haki ya kuuliza, maana hakuna sentensi hata moja ndani yake niliyoweza kuikata kwa kalamu nyekundu na kusema hii ni uongo.

Utangulizi ulianza hivi: "Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alikuwa Rais wa kwanza wa Tanganyika na baadaye Tanzania." Ukapita kwenye uhuru wa 1961, ukapita kwenye Muungano wa 1964, ukafika kwenye mkutano wa Halmashauri Kuu ya TANU uliofanyika Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio lilipotangazwa. Ukurasa mzima ukaisha na dondoo halijaguswa.

Kiini kilikuwa na vichwa vidogo vilivyopigiwa mstari kwa rula:

"Takriri. Mwandishi ametumia takriri pale aliposema 'kiasi cha kutosha' mara tatu. Takriri hii inasisitiza ujumbe na kumvutia msomaji. Sitiari. Mwandishi ametumia sitiari pale aliposema 'tumenyonywa'. Sitiari hii inajenga picha katika akili ya msomaji. Tashihisi. Unyonge umepewa uwezo wa kutenda kama binadamu pale aliposema 'unyonge wetu ndio uliotufanya'. Tashihisi hii inaipamba kazi. Kwa ujumla lugha iliyotumika ni nyepesi na inayoeleweka."

Hitimisho likamalizia kwamba mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa kifani na kimaudhui.

Aliyewahi kusahihisha madaftari ya fasihi hapa Tanzania ameshaisoma insha hii mara nyingi, majina ya waandishi yakibadilika tu. "Lugha nyepesi na inayoeleweka" nadhani ndiyo sentensi iliyoandikwa mara nyingi kuliko zote katika mitihani yetu.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

Nilimwomba afanye jambo moja. Achukue zile sentensi zake za maelezo, zile zinazokuja baada ya mfano, azihamishie kwenye tangazo la sabuni la redioni. "Takriri hii inasisitiza ujumbe na kumvutia msomaji." Inakaa. Aihamishie kwenye mahubiri ya msibani. Inakaa. Kwa mtangazaji wa mechi ya Simba na Yanga anayerudia jina la mfungaji, inakaa vizuri zaidi. Maelezo yanayokaa kila mahali hayajaeleza lolote kuhusu mahali hapa. Yeye alikuwa ameonesha kwamba anazijua tamathali za semi, lakini swali halikuuliza kama anazijua.

Kabla ya kumlaumu kijana, ni vizuri kuona mazoea haya yametoka wapi. Sisi walimu ndio tuliomfundisha kwamba kazi ya fasihi ina fani na maudhui, kwamba fani ina muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, na kwamba matumizi ya lugha maana yake ni tamathali, methali, misemo na taswira. Ni mgawanyo mzuri wa kumsaidia mtu asisahau kitu chumba cha mtihani. Ubaya ni kwamba unageuka kuwa mpangilio wa insha: kila kipengele kinapata aya yake, kila aya inapata mfano wake, na aya ya tatu haijui aya ya pili imesema nini. Kule Kenya maneno yaleyale, "matumizi ya lugha", katika karatasi ya pili ya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, ni maswali ya sarufi: viambishi, ngeli, uakifishaji, vinyume. Kwa hiyo mwanafunzi wa upande huu akisikia "matumizi ya lugha" anatafuta sitiari, wa upande ule anatafuta kiambishi, na ni nadra kwa yeyote kati yao kuambiwa kwamba kiambishi kinaweza kufanya kazi kubwa kuliko sitiari. Sarufi ina kipindi chake, fasihi ina chake, na mwalimu mara nyingi si yuleyule.

Katika dondoo hili kazi kubwa inafanywa na sarufi. Ndiyo maana orodha ya tamathali ilipita juu yake bila kuigusa.

Tukaanza upya kwa penseli. Nilimwambia asitafute tamathali yoyote, apige mstari chini ya vitenzi tu, halafu anioneshe kila kimoja mtenda wake ni nani. Akapiga: tumeonewa, tumenyonywa, tumepuuzwa. Akaenda sentensi ya pili: uliotufanya, tuonewe, tunyonywe, kupuuzwa. Ya tatu: tunataka. Ya nne: kuondoa, tusionewe, tusinyonywe, tusipuuzwe. Kwenye safu ya watenda akaandika "wakoloni" mbele ya vitatu vya kwanza, kisha akasita, akalifuta.

"Hawajatajwa," akasema.

Hapo ndipo insha ilipozaliwa. Vitenzi vitatu, kuonea, kunyonya na kupuuza, vinarudi mara tatu kila kimoja, jumla tisa, na vyote tisa viko katika kauli ya kutendwa. (Mpenda sarufi atasema "onewa" kwa umbo ni kutendewa. Ni kweli, lakini kwa maana tunaitumia kama kutendwa kwa "onea", na hoja haibadiliki.) Kiswahili kina njia rahisi kabisa ya kumtaja mtenda katika kauli hiyo: unaweka "na" na jina lake. Tumeonewa na wakoloni. Tumenyonywa na makabaila. Mara tisa nafasi hiyo imeachwa wazi.

Mtenda pekee aliyetajwa kuwa chanzo yumo katika sentensi ya pili, na si mtu. Ni "unyonge wetu".

Nilimtaka aandike upya sentensi mbili za kwanza jinsi ambavyo mtu mwingine yeyote wa mwaka 1967 angeweza kuziandika, ili tuone kilichobadilika. Akaandika: "Wakoloni walituonea, walitunyonya na walitupuuza vya kutosha. Walifanya hivyo kwa sababu tulikuwa wanyonge." Ukiyasoma hayo kwa sauti, halafu usome ya Azimio, tofauti inasikika. Katika yake mshitakiwa anakaa mwanzo wa sentensi na unyonge umetupwa mwishoni kama sababu ya pembeni. Katika Azimio mshitakiwa wa kawaida hayumo kabisa, na unyonge umesukumwa mbele kwa "ndio". Neno hilo dogo linafunga mlango kwa watuhumiwa wengine: ni huo, si kitu kingine. Halafu kuna "wetu". Si unyonge uliotupata, si unyonge tulioletewa. Ni wetu.

Zoezi hili la kuandika upya kwa namna ya kawaida ndilo ninaloliamini kuliko mengine yote katika uchambuzi wa lugha. Mtu akiulizwa "kwa nini mwandishi ametumia neno hili?" anakimbilia kusema linasisitiza. Akiulizwa "angetumia lile, tungepoteza nini?" inabidi ajibu jambo mahususi.

Alikuwa na njeo pia, yaani nyakati za vitenzi, ambazo hakuziona mwanzo. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Azimio limekuja miaka mitano na ushei baadaye, bendera iko juu, Gavana ameshaondoka. Hata hivyo dondoo halisemi "tulionewa". Linasema "tumeonewa", kwa -me-, njeo ya jambo ambalo athari yake bado ipo. "Tulionewa" ingelifunga jambo hilo mwaka 1961. "Tumeonewa" inaliacha wazi hadi siku ya msomaji. Sentensi ya pili inarudi nyuma kwa -li- katika "uliotufanya" ili kutaja chanzo. Ya tatu inafika leo kwa "sasa tunataka". Kisha vinakuja vitenzi vinavyoishia na -e, vya kutaka jambo liwe au lisiwe, vikielekea kesho. Katika sentensi nne tumetoka kwenye jeraha ambalo halijapona, tukapita kwenye chanzo chake, tukafika kwenye uamuzi na kwenye hali inayotafutwa.

Na hapa ule ukurasa wa historia ulipata kazi yake ya haki. Mwaka aliozaliwa Nyerere hausaidii kusoma "tumeonewa". Mwaka wa uhuru unasaidia, kwa sababu bila huo hatuoni kwamba -me- ina la kushangaza. Nikamwambia achuje utangulizi wote kwa kipimo hicho kimoja: je, habari hii inabadilisha namna ninavyosoma neno lolote katika dondoo? Butiama iliondoka. Muungano ulielekea kuondoka, ukaokolewa na neno "mapinduzi", nitalifikia. Kilichobaki ni sentensi mbili.

Kutoka hapo lilihitajika dai. Kijana alikuwa na mambo mengi mazuri mezani, na hatari iliyofuata ilikuwa kuyapanga kama yale ya mwanzo, ila kwa majina mapya: Kauli ya kutendwa, aya. Njeo, aya. Msisitizo wa "ndio", aya. Hiyo ingekuwa orodha ileile ya stoo, vitu vimebadilishwa rafu tu. Nilimwomba sentensi moja inayosema lugha ya dondoo inafanya nini, ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuikataa. La pili lina uzito kuliko la kwanza. "Dondoo limetumia lugha kufikisha ujumbe" haliwezi kukataliwa na yeyote, kwa hiyo si dai.

Alileta tatu zilizoshindwa. Ya nne ilisimama:

"Dondoo linawaonesha Watanzania kama watu waliotendwa bila kumtaja aliyewatenda, nafasi yake linaijaza kwa unyonge wao wenyewe, na kwa njia hiyo linayageuza mapinduzi kuwa kazi ya kubadili hali yao, si ya kumtoa mtu fulani."

Mtu anaweza kuikataa hii. Anaweza kusema wakoloni hawakutajwa kwa sababu kila mtu alikuwa anawajua, na kwamba kutotaja kinachojulikana si mbinu bali ni uchumi wa maneno. Ni pingamizi zuri, na dai likishakuwa na pingamizi zuri insha imepata pa kwenda.

Mpangilio ukafuata wenyewe, au karibu wenyewe. Dai linasema kuna kuhama: kutoka kutendwa, kwenda chanzo, kwenda kutaka. Dondoo linahama hivyohivyo, sentensi kwa sentensi. Basi aya zifuate mwendo wa dondoo. Lakini hapa pana shimo ambalo wengi hutumbukia: ukifuata mwendo wa matini, ni rahisi mno kuanza kuisimulia. "Katika sentensi ya kwanza mwandishi anasema tumeonewa. Katika sentensi ya pili anasema unyonge ndio chanzo." Hiyo ni muhtasari. Kinga yake ni sentensi ya kwanza ya kila aya. Isiseme dondoo limesema nini, iseme lugha imebadili nini tangu aya iliyopita. Nilimwomba anisomee sentensi za kwanza za aya zake tupu, bila kilichofuata, na zikawa hivi:

"Dondoo linafungua kwa mashitaka yasiyo na mshitakiwa." "Nafasi hiyo iliyoachwa wazi inajazwa mara moja, na anayeijaza ni sisi." "Ni baada tu ya chanzo kuwa chetu ndipo nafsi ya kwanza wingi inapopewa kitenzi cha kutenda." "Hata hivyo, dondoo halimalizi kwa kutenda."

Ukizisoma nne hizo unajua insha inakwenda wapi. Vile vichwa vya mwanzo, Takriri, Sitiari, Tashihisi, ukivisoma hujui chochote.

Na takriri ilikwenda wapi? Haikupotea. Hili nalitaja kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloonesha vizuri zaidi kwa nini jina la mbinu halifai kuwa kichwa cha aya. Takriri katika dondoo hili iko kote: mwanzo, kati na mwisho. Ukiiweka katika aya yake unalazimika kusema jambo moja juu yake yote, na jambo moja linaloweza kusemwa juu ya yote ni kwamba inasisitiza. Lakini sikiliza. "Kiasi cha kutosha... kiasi cha kutosha... kiasi cha kutosha" inarundika. Kwa kawaida tunasema chakula cha kutosha, fedha za kutosha, yaani vitu ambavyo mtu huomba vitoshe. Kuonewa hakuna kipimo ambacho mtu huomba kitimie, na maneno hayo yakibandikwa kwenye uonevu yanabeba uchungu wa mtu aliyejazwa asichokiomba mpaka kikafika ukingoni. "Tena... tena... tena" ya mwishoni inafanya kinyume: inautoa ule mrundikano, kitenzi kimoja kimoja, kwa mpangilio uleule. Mbinu moja, kazi mbili zinazopingana. Katika insha mpya nusu ya takriri imo katika aya ya kwanza ya kiini na nusu katika ya mwisho, na jina "takriri" limetajwa mara moja tu, katikati ya sentensi.

Hii hapa aya yake ya pili jinsi ilivyotoka mwishoni. Naiweka nzima kwa sababu mengi ya hapo juu yanaonekana ndani yake bila kutajwa:

"Nafasi hiyo iliyoachwa wazi inajazwa mara moja, na anayeijaza ni sisi. 'Unyonge wetu ndio uliotufanya tuonewe' ni sentensi ya kwanza katika dondoo yenye mtenda aliye wazi, na mtenda huyo ni hali, si mtu. Kama ingesemwa 'unyonge wetu ulitufanya', unyonge ungekuwa sababu mojawapo. 'Ndio' inaufanya kuwa sababu pekee. Kimilikishi 'wetu' kinazuia msomaji kuusukumia unyonge huo kwa mwingine. Ni tashihisi, lakini tashihisi ya ajabu, kwa sababu kilichopewa nguvu ya kutenda ni kule kukosa nguvu. Wakati huohuo kiambishi 'tu' kinahama: katika sentensi ya kwanza kilikuwa kiima, hapa kimekuwa yambwa ndani ya 'uliotufanya'. Tumerudishwa nyuma hatua moja zaidi, tumekuwa kitu kinachofanywa, ili hatua inayofuata ionekane kubwa."

Ile tashihisi ya mwanzo, iliyokuwa "inaipamba kazi", imerudi. Safari hii ina la kusema: unyonge, yaani kukosa nguvu, ndio wenye nguvu. Sikumpa wazo hilo. Lilikuja lilipokosa pa kujificha nyuma ya neno "kupamba". Nukuu zake nazo ni fupi, zimeingizwa ndani ya sentensi zake, na kila moja imebeba tu kile anachokizungumzia. Insha ya mwanzo ilinukuu dondoo zima mara mbili, kana kwamba msahihishaji hana karatasi ya maswali.

Kuna mahali pamoja nilipomzuia. Katika rasimu ya kati aliandika aya ndefu juu ya "kupuuzwa" katika sentensi ya pili. Aliona, kwa jicho zuri, kwamba mfululizo unasema "tuonewe, tunyonywe" halafu unavunjika na kuwa "kupuuzwa" badala ya "tupuuzwe". Akajenga juu yake: kupuuzwa kumeondolewa nafsi, kwa sababu anayepuuzwa hata nafsi yake haihesabiwi. Ilipendeza, na nilisikitika kuikata. Lakini mfululizo wa vitenzi katika Kiswahili huishia hivyo kila siku, hasa baada ya "na": aje, akae na kula. Hakuna aliyechagua kitu hapo. Uchambuzi wa lugha unahusu machaguo, na pale sarufi au mazoea yanapoamua yenyewe hakuna cha kuchambua. Kipimo ni kilekile cha kuandika upya: "tuonewe, tunyonywe na tupuuzwe" ingebadilisha nini? Mimi na yeye tulikaa tukaitafuta tofauti, hatukuipata.

Neno "mapinduzi" ndilo lililorudisha Muungano. Kwa msikilizaji wa 1967 neno hilo halikuwa la vitabuni. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa ya tarehe 12 Januari 1964, miaka mitatu tu nyuma, na katika nchi hiyohiyo moja. Mapinduzi yalikuwa na aliyepinduliwa. Dondoo linalitaja neno, kisha linalirudia papo hapo na kulipa maana yake: "mapinduzi ya kuondoa unyonge". Urudiaji huu si wa mkazo tu, ni ufafanuzi. Kinachoondolewa si mtu wala serikali. Hapo dai lake lilipata ushahidi wake mkubwa kuliko wote, na aya ya tatu ikajengwa juu yake pamoja na "tunataka", ambacho ndicho kitenzi pekee katika dondoo zima ambamo "tu" ni mtenda.

Pingamizi liliwekwa katika aya ya nne, na nadhani mahali hapo ni sahihi kwa insha ya aina hii. Likiwekwa mwanzo linamfanya mwandishi aonekane anajitetea kabla hajasema. Likiwekwa kwenye hitimisho halina muda wa kujibiwa. Yeye hakulitumia lile la "wakoloni walijulikana". Alipata kali zaidi kutoka ndani ya dondoo lenyewe: kama lugha inatutoa kwenye kutendwa hadi kwenye kutenda, mbona inaishia tena kwenye kutendwa? "Tusionewe, tusinyonywe, tusipuuzwe." Hata baada ya mapinduzi tumeelezwa kwa yale ambayo hatutafanyiwa, si kwa yale tutakayofanya. Hakuna "tutawale", hakuna "tujenge". Jibu lake lilikuwa kwamba dondoo linaahidi mwisho wa uonevu na kuacha kazi yenyewe isemwe na yanayofuata, maana Azimio linaendelea hapohapo kuhoji fedha kama silaha na baadaye kufika kwenye vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Jibu halikuniridhisha kabisa, lakini lilijibiwa kwa maandishi ya Azimio, si kwa sifa za mwandishi wake.

Utangulizi uliandikwa mwisho, ukawa aya moja: dondoo limetoka wapi, limetangazwa lini na miaka mingapi baada ya uhuru, kisha dai. Hitimisho lilimsumbua zaidi. Mazoea yalimvuta arudi kwenye kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, na mara mbili alirudi. Mwishowe aliliandika juu ya "tu" yenyewe. Kabla tu ya dondoo, Azimio linawataja watu wa Tanzania na watu wa Afrika kwa jumla. Kwa hiyo, akaandika, kadiri "sisi" inavyopanuka ndivyo "unyonge wetu" unavyokuwa mzigo wa wengi zaidi. Halikurudia yaliyosemwa, na halikuanzisha uchambuzi mpya ambao ungehitaji aya nyingine.

Hatukukubaliana juu ya jambo moja hadi mwisho. Mpangilio wa vitenzi vitatu haubadiliki: kuonewa, kunyonywa, kupuuzwa. Rasimu ya kwanza iliuita upandaji, kutoka dogo kwenda kubwa. Nilimuuliza tangu lini kupuuzwa kukawa kubaya kuliko kunyonywa. Kunyonywa kunamwacha mtu na njaa. Kwangu mimi, mpangilio huo unatokana na sauti tu: "tumepuuzwa" ina mvuto mrefu katikati, inatuliza sentensi mwishoni. Yeye alishikilia lake, ila akalijenga upya. Anayekuonea anakuona, akaandika, na anayekunyonya anakuhitaji. Anayekupuuza hakuoni wala hakuhitaji, na maandishi yanayotaka watu wajitegemee lazima yaguse mahali hapo mwisho. Sentensi hiyo ilikaa katika aya ya kwanza ya kiini. Pembeni niliandika "sikubaliani", na alama zake nikampa zote.